Papi kafika nyumbani, sasa analia, anaharisha, anang'ata na anakojoa kila kona: tuanzie wapi?

Usiku wa kwanza simu huwa inaita saa saba, saa nane hivi, na swali ni lilelile, "kaka huyu mbwa ananyamazishwaje?" Siku ya tatu wananiuliza habari ya kuharisha, wiki ya pili ni mikojo kwenye zulia, na mwezi wa pili utasikia "huyu mbwa mkaidi, nimrudishe nilikomtoa?" Yaani mfululizo ni uleule kila nyumba, iwe Goba kule Dar au Kasarani kule Nairobi, ndo maana nimeona niyaandike yote sehemu moja.

Mi si daktari wa mifugo, ni mfugaji tu niliyekula hasara zangu. Na kitu kimoja nimekijua kwa kuchelewa: kabla hujasema mbwa ana tabia mbaya angalia tumbo lake, fizi zake na ngozi yake kwanza. Papi wengi wanaochapwa kwa "ukaidi" wana minyoo, au wana wiki tano wakati muuzaji kasema nane.

KABLA HUJAMLETA

Hapa nitaenda haraka ila usiruke. Papi asitoke kwa mama yake kabla ya wiki 8. Wauzaji wengi watakwambia "ana miezi miwili huyu" hata kama bado anayumba akitembea, so mfungue mdomo. Wa wiki nane anatakiwa awe na meno yake yote ya utoto, 28, madogo makali kama sindano. Ukikuta ya mbele yapo halafu magego ya nyuma ndo yanachungulia, huyo bado mdogo, mwache amalize kunyonya. Omba kadi ya chanjo, na kadi yenyewe iwe na stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, tarehe na sahihi ya aliyechanja. Kadi iliyoandikwa kwa peni tu "chanjo tayari" haina maana yoyote.

Halafu jiulize wewe mwenyewe: kuna mbwa aliyewahi kufa hapa kwako kwa kuharisha damu? Mi sikujiuliza. Nilipoteza papi mmoja, nikafagia banda, nikakaa kama miezi miwili nikaleta mwingine mzuri mno, siku ya sita akaanza kutapika, na ya nane nikamzika karibu na mwenzie. Ilikuwa parvo, ule ugonjwa wa kirusi unaoharisha damu. Kirusi chake kinakaa kwenye udongo miezi, hata mwaka na zaidi, na sabuni ya kawaida haikiui. Kinachokiua ni jiki, kikombe kimoja kwenye vikombe 30 vya maji, unaosha uchafu wote kwanza halafu unamwaga hiyo na kuiacha dakika kumi kabla ya kusuuza. Hiyo inasaidia kwenye sakafu ya saruji na vyombo, ila udongo wa uani huwezi kuusafisha ukaisha, kwa hiyo kama una historia hiyo lete mbwa aliyemaliza chanjo zote, usilete papi.

"ANALIA USIKU KUCHA"

Sababu namba moja ni upweke, wala usitafute mchawi. Jana kalala kwenye rundo la ndugu zake, leo umemweka peke yake bandani kwenye giza, wewe ungefanyaje? Chukua boksi la katoni, tandika kanga kuukuu (kama muuzaji alikupa kitambaa chenye harufu ya mama yake ndo bora kabisa), liweke karibu na kitanda chako wiki ya kwanza. Akilia shusha mkono tu aunuse. Baadaye unalisogeza boksi kidogo kidogo, mlangoni, koridoni, mpaka kule unakotaka alale. Mzee wangu aliponikuta na mbwa chumbani alinisema wiki nzima, lakini yule mbwa usiku wa nne alilala mpaka alfajiri.

Sababu ya pili ni mkojo. Papi wa miezi miwili hawezi kubana usiku mzima, hilo sahau. Akilala masaa mawili matatu halafu akaamka analia, mtoe nje kimyakimya, taa ndogo, usiongee naye sana, akimaliza mrudishe. Ukianza kucheza naye saa tisa usiku basi kesho saa tisa atakuamsha tena, na hapo kosa si lake.

Baada ya hapo angalia baridi na njaa, na mwisho tumbo. Tumbo la minyoo linakuwa la mviringo kama ngoma huku mbavu zinaonekana.

Acha kujaribu, mtafute daktari: kama tumbo limekaza na linauma ukiligusa, anajaribu kutapika hakitoki kitu, au alikuwa analia sana sasa kanyamaza na amelegea. Ukimya wa namna hiyo ni mbaya kuliko kelele.

"HATAKI KULA"

Siku ya kwanza ni ugeni tu. Mwache na maji safi, chakula weka dakika kama ishirini kisha toa, rudisha baadaye. Watoto wasimzunguke kama wanaangalia mpira.

Kama bado, muulize muuzaji alikuwa anamlisha nini, maana mara nyingi papi alizoea uji na dagaa, wewe umemwekea chakula kikavu cha dukani cha bei mbaya hata hakijui. Mpe kilekile cha zamani halafu changanya kipya kidogo kidogo kwa wiki nzima. Wa umri huu anakula mara tatu mpaka nne kwa siku, vidogo vidogo, siyo sufuria moja jioni kama mbwa mkubwa. Na ugali mtupu si chakula cha papi, mwekee mapupu yaliyochemshwa, dagaa waliolowekwa chumvi ikatoka, yai. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana, inapasuka vipande vyenye ncha na inatoboa utumbo.

Kwa wale wa mbegu ndogo, vile vijibwa vya kubeba mkononi, kukosa mlo mmoja miwili tu sukari inashuka. Utaona anatetemeka, anayumba kama kalewa. Mpake asali au maji ya sukari kwenye fizi, kidogo tu kwa kidole, usimmiminie mdomoni atapaliwa, halafu uanze safari ya kwa daktari hapohapo hata kama kachangamka.

Acha kujaribu: hajala tangu jana saa hizi, au ni kale kadogo na nusu siku imepita. Na akikataa mpaka maji usisubiri hata hayo masaa.

"ANAHARISHA"

Hapa tutulie maana ndo panapoua.

Sababu ya kwanza kabisa ni maziwa ya ng'ombe. Watu wanamwonea huruma kaachishwa kunyonya wanamjazia bakuli la maziwa fresh, tumbo lake haliwezi kusaga sukari iliyomo, jioni ni vurugu. Acha maziwa, mpe maji. Ya pili ni kubadilisha chakula ghafla au kumshibisha kupita kiasi kwa sababu kila mtu nyumbani kamlisha akidhani yeye ndo wa kwanza. Mteue mtu mmoja wa kulisha, basi. Ya tatu ni minyoo. Papi anazaliwa nayo au anaipata kwenye maziwa ya mama yake, kwa hiyo usiseme "huyu ametoka kwenye nyumba safi". Dawa inaanza akiwa na wiki mbili, inarudiwa kila wiki mbili mpaka wiki nane, kisha kila mwezi mpaka afikishe miezi sita, na kipimo kinategemea uzito, sio "nusu kidonge" ya kukadiria. Akitoa minyoo kama tambi usishtuke, dawa imefanya kazi. Okota kinyesi kila siku na watoto wanawe mikono, minyoo hiyohiyo inaingia kwa binadamu.

Ya nne ni alichookota. Jalalani, au unga. Unga wa dona wenye ukungu usimpe mbwa kwa kusema "sisi hatuli, mpikie mbwa". Sumu ya ukungu wa mahindi inaharibu ini na mbwa wanakufa nayo.

Ya tano ni magonjwa, parvo ikiwa mbele.

Kama anaharisha lakini mchangamfu, anakula, mkia unacheza: wali laini na kuku wa kuchemsha asiye na mfupa, bila chumvi wala kitunguu, kidogo kidogo mara nyingi, siku moja mpaka mbili. Maji yawepo muda wote. Usimnyime chakula, papi hana akiba mwilini. Kila baada ya masaa machache mvute ngozi ya shingo juu uiachie, ikirudi polepole kama hema basi maji yamepungua. Inua mdomo uangalie fizi: za pinki sawa, nyeupe au zinazonata ni hatari.

Acha kujaribu, sasa hivi: damu kwenye kinyesi, kutapika pamoja na kuharisha, ile harufu nzito ambayo ukishaikuta mara moja huisahau, au kalala tu hataki kuinuka. Hapo ni dripu, siyo mwarobaini, siyo Coca-Cola, siyo kidonge chako cha kuzuia kuhara. Na dawa zetu za maumivu usimpe kabisa, panadol na diclofenac zimeua mbwa wengi ambao ugonjwa wenyewe usingewaua. Walio Morogoro hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine) ipo, Nairobi kuna kliniki ya Chuo Kikuu cha Nairobi pale Kabete, kwingine anza na ofisi ya mifugo ya kata au wilaya wakuelekeze. Na usimpitishe kwa mbwa wa jirani kwenda kuaga, viatu vyako tu vinatosha kubeba kirusi.

Chanjo ya mseto (sindano moja inayokinga magonjwa kadhaa, parvo ikiwemo) inaanza wiki ya 6 mpaka 8 na kurudiwa kila wiki mbili mpaka nne hadi avuke wiki ya 16. Watu wanachoma moja wanasema tayari, si tayari. Chanjo nyingi za mseto zina kinga ya leptospira pia, ile homa ya mgunda iliyotikisa Lindi 2022, na kwa nyumba zenye panya hiyo ni muhimu. Ukiona muuzaji kaitoa chanjo kwenye droo badala ya friji, ondoka, inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8 tangu kiwandani.

"ANAKOJOA NDANI MAKUSUDI"

Hakuna makusudi. Kuna wewe kuchelewa.

Hesabu rahisi: umri kwa miezi ongeza moja, hayo ndo masaa anayoweza kubana mchana, na huo ni mwisho wake. Wa miezi miwili masaa matatu akijitahidi sana. Ila ukweli anaenda akiamka, akimaliza kula, akimaliza kucheza, kwa hiyo anza na nyakati hizo tatu. Mbebe, siyo umwite, mpeleke sehemu ileile ya majani, simama kama mti. Akimaliza tu, ndani ya sekunde moja au mbili, msifie na kipande cha nyama. Watu wanamsifia wakisharudi ndani, mbwa anajua kasifiwa kwa kuingia mlangoni.

Ukimkuta katikati ya tendo mnyanyue umtoe. Ukikuta dimbwi tayari, piga deki unyamaze. Ile ya kumsugua pua kwenye mkojo niliifundishwa na kila mtu mtaani na haifanyi kazi, anachojifunza ni kwamba kukojoa mbele yako ni hatari, so anaenda nyuma ya kochi. Halafu unasema mjanja.

Kama anarudia kona moja, harufu imebaki. Siki na maji nusu kwa nusu, acha ikae kisha futa. Sabuni zenye amonia ziache, kwake inanukia mkojo.

Kuna wale wanaoachia matone wewe ukirudi kutoka kazini, masikio chini, tumbo juu. Huyo ni furaha au woga. Ukimgombeza ataongeza. Ingia bila kumsemesha, mtoe nje, msalimie huko. Wengi wanaacha wakikua.

Acha kujaribu: anachuchumaa kila dakika kumi kinatoka kidogo, analia akikojoa, mkojo una damu, au alishajua halafu ghafla kasahau. Hiyo ni kibofu, na mafunzo hayatibu kibofu.

"ANANG'ATA WATOTO, NI MKALI HUYU"

Ana meno yanawasha. Ya utoto yanaanza kung'oka karibu miezi minne, na kufikia wa saba anakuwa na 42 ya ukubwani, kipindi chote hicho kila kitu ni cha kutafuna, viatu ndo kabisa. Funga fundo kitambaa kikuukuu, kiloweke, weka friza, mpe. Viatu weka juu. Ndiyo, juu, kwani yeye ndo ataweka?

Sababu ya pili ni watoto wenyewe, wanakimbia wakipiga kelele, kwake huo ni mchezo mtamu kuliko yote. Wafundishe kusimama kama mlingoti, mikono kifuani. Akikung'ata wewe, mchezo unaisha papo hapo, geuka umpe mgongo nusu dakika. Kumpiga mdomoni kunamfundisha mkono ni adui. Ya tatu ni uchovu, papi analala masaa 18 mpaka 20 kwa siku, na jioni akianza kuzunguka kama pia huku anang'ata kila mguu, ni mtoto mwenye usingizi, mlaze. Ya nne ni aliyetolewa kwa mama mapema mno, huyo hakuonywa na ndugu zake kwamba kung'ata kunauma, utamfundisha wewe na itachukua muda zaidi.

Acha kujaribu: anakakamaa mwili, macho yamekaza, anaunguruma ukikaribia chakula au ukigusa sehemu fulani ya mwili. Linaweza kuwa jeraha usiloliona. Daktari kwanza, mkufunzi mzoefu baadaye.

"NATAKA AWE MKALI ILA ANAOGOPA KILA KITU"

Hili linaniudhi kidogo nisamehe. Mtu anafunga papi mnyororo wiki ya kwanza, nyuma ya nyumba, asizoee watu, eti ndo ukali. Wengine mpaka pilipili kwenye chakula. Matokeo ni mbwa anayebwekea upepo, anajificha bodaboda ikipita, na siku mwizi kaja yupo chini ya gari. Mlinzi mzuri ni anayejua kipi cha kawaida, ndo atagundua kisicho cha kawaida.

Dirisha la kuzoea dunia liko kati ya wiki ya 3 na ya 14 hivi. Shida ni kwamba ndo kipindi chanjo hazijakamilika, kwa hiyo usimtembeze chini mtaani wala kwenye majalala, mbebe. Mkalishe getini mikononi aone bodaboda, aone mama mwenye baibui, mzee mwenye mkongojo, mtu na mwavuli, asikie adhana, jenereta, radi. Kila kimoja na kinyama kidogo. Akianza kutetemeka sogea mbali, usimlazimishe "azoee".

Na kama unakaa Pwani au una majirani Waislamu, mfundishe mapema asirukie watu. Mate ya mbwa kwa wengi wao ni najisi, ni kuosha mara saba moja kwa udongo, na jirani yangu shehe alinielewa vizuri kabisa kuhusu mbwa wa ulinzi alipoona mbwa anakaa chini akipita. Kukaa ni kitu cha kwanza kufundisha: kipande cha nyama juu ya pua, kisogeze nyuma kuelekea kichwani, matako yanashuka yenyewe, mpe. Dakika tatu, mara chache kwa siku, inatosha.

"HAJI NIKIMWITA"

Kwa sababu ukimwita unamwogesha, unamfungia au unamchapa. Au jina refu, kuna jamaa kamwita mbwa wake Wabaya Hawaishi ili jirani asikie, sawa ujumbe umefika lakini mbwa hajui aitikie silabi ipi. Jina fupi, sauti ya furaha, zawadi kila akija, na kama ni kumkaripia usitumie jina. Ukipiga vyombo nyuma yake na hageuki kabisa, akapimwe masikio.

"ANAJIKUNA MPAKA DAMU"

Viroboto kwanza, halafu kupe, halafu upele. Mpitishie kitana chenye meno ya karibu, mwogeshe kwa sabuni laini, fua matandiko na uyaanike jua kali, maana viroboto wengi wako kwenye matandiko, siyo kwenye mbwa. Dawa ya josho la ng'ombe usimmwagie papi, najua ni bei rahisi na najua jirani alifanya, kipimo kikikosewa inaua. Nunua ya mbwa inayosema umri na uzito kwenye boksi.

Ukiona kijipu chenye tundu dogo tumboni na ndani kuna kitu kinasogea, ni funza wa yule inzi anayetaga kwenye mchanga na nguo mbichi. Ziba tundu kwa mafuta mazito ya mgando akose hewa, atajitokeza, mminye polepole atoke mzima. Wakiwa wengi au pamevimba, daktari.

Acha kujaribu: fizi nyeupe, homa, mkojo wa rangi ya chai, kavamiwa na kupe wengi. Viroboto peke yao wanaweza kummaliza damu papi.

KICHAA CHA MBWA

Hapa hamna cha kukagua wala kujaribu. Papi naye anaweza kuwa nacho. Mate yanamwagika, hamezi, sauti imebadilika, anang'ata hewa au vitu, au aliyekuwa mpole kabadilika ghafla: mfungie bila kumshika, piga simu ofisi ya mifugo. Dalili zikishaanza, kwa mbwa au kwa mtu, tiba hakuna. Chanjo ya mbwa ni akifika miezi mitatu, inarudiwa kila mwaka, na wilaya nyingi zinachanja karibu na Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, fuatilia tangazo.

Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa usiyejua chanjo yake, hata kama ni papi wako uliyemleta siku tatu zilizopita na kidonda ni kama sindano: osha kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15 kamili ukiangalia saa, usipake pilipili wala mafuta ya taa wala kufunga jiwe, nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Mbwa usimuue ukamtupa. Mfungie sehemu salama, alishwe na mtu mmoja mkubwa bila kumgusa, na ofisa mifugo amwangalie siku 10, akibadilika au akifa ndani ya siku hizo hospitali waambiwe mara moja.